Sentimita Kumi za Shemeji

We, uko? Usinipigie, nitapiga kelele na mama yuko hapa. Soma tu.

Shemeji ameukata ubao wa mvule wa marehemu baba. Ule mmoja uliobaki! Nilikuwa namtengenezea mama benchi la bafuni aoge ameketi, maana juzi aliteleza. Lingekaa bila miguu, limeshikwa na kuta mbili, na ukuta hadi ukuta ni sentimita tisini. Ubao sasa una themanini.

THEMANINI.

Tepu yangu ya kupimia unaijua, imevunjika kichwa, huwa naanzia kwenye kumi. Nilimwambia mara mbili, "Shemeji, anzia kumi, kata kwenye mia." Akanijibu, "Mimi nimeshika msumeno tangu wewe unanyonya." Nikaenda kutafuta skrubu. Narudi, nakuta ameanzia kumi, akakata kwenye tisini!

Namuuliza, ananijibu eti, "Tepu yako mbovu."

Tepu yangu mbovu! Na nani aliivunja? Miaka tisa iliyopita, tukipaka rangi chumba cha dada, nani alibandua kifuniko cha kopo la rangi kwa kichwa cha tepu yangu? Siku ile nilinyamaza kwa heshima ya dada. Leo sikunyamaza.

Mama akatoka na mkongojo wake, akaupima ubao kwa shubiri. "Kwani mimi nina makalio ya sentimita tisini? Benchi liwekeeni miguu."

Shemeji akacheka. Nikampa msasa, nikamwambia asugue mpaka mama aseme basi.

Mama amekaa pale na chai yake, anamtazama. Saa nzima sasa, hajasema basi.