Mama Mado Amejipakulia Kwanza

Mado wangu, kifungua mimba wa mama,

Huku Kisangani sote wazima, papa yako anakusalimu sana. Ulipopiga simu kutoka Kinshasa nilikukatia, nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzuri tu. Ulisema, "Mama, tafazali, acha ile théâtre. Na miaka yako? Batu batakucheka." Uliniumiza, mwanangu. Nilikaa jikoni na hasira zangu hadi nikaona heri nikuandikie.

Mimba yako ndiyo iliyonishusha jukwaani. Nilimwambia kila mtu kwamba nitarudi, na huko kurudi kukachukua miaka ishirini na miwili na watoto watano. Unakumbuka nilivyokuwa nikitwanga majani ya pondu huku nikisema maneno ya michezo ya zamani, yasinitoke kichwani? Ulikuwa na miaka minne hivi. Ulinivuta kitenge ukauliza, "Mama, uko nasema na nani?" Nikakujibu nasema na mume wangu aliyenisaliti. Ukatoka mbio kwenda kumwita papa yako. Maskini, alikuja kutoka mtoni na mtego wa samaki bado mkononi, akiapa kwa jina la mama yake kwamba hajafanya kitu! Tulicheka wiki nzima.

Basi mwaka huu Papa Léon, kiongozi wa kundi letu la zamani, alinitafuta. Alinipa nafasi ya mjane tajiri, mwanamke mkatili anayekula peke yake huku watu wote wa nyumbani mwake wamesimama na njaa wakimtazama. Mchezo mzima unategemea mlo huo. Alinipa majuma mawili ya mazoezi. Nikishindwa, nafasi itakwenda kwa msichana mmoja wa umri wako.

Maneno niliyashika kwa siku tatu. Kilichonishinda ni sahani. Kila sufuria ilipoletwa, mikono yangu ilijiendea yenyewe: kichwa cha samaki kwa mtumishi mzee, tumbo laini kwa mdogo wao, ugali wa fufu nikawakatia wote. Papa Léon akapiga makofi kutusimamisha.

"Mama Mado! Sahani yako iko wapi?"

Nikatazama mbele yangu. Sikuwa na sahani. Watumishi waliotakiwa kufa njaa walikuwa wanatafuna, nami nimeshika sufuria nakwangua ukoko.

"Bon, turudie," akasema, na wote wakacheka. Tulirudia siku nne. Siku ya tano hakucheka mtu, na yule msichana alikaa pembeni akinong'ona maneno yangu. Hapo niliogopa kweli.

Jioni hiyo niliweka chakula mezani, nikawaambia papa yako na wadogo zako, "Leo nafanya mazoezi. Asiguse mtu." Nikajipakulia kwanza. Nikachukua kichwa cha samaki, Mado, mimi niliyeolewa katika ukoo wa wavuvi wa maporomoko, ambako kichwa ni cha mwanamume wa nyumba na hakuna anayeuliza. Mdogo wako wa mwisho akaniuliza, "Mama, uko mugonjwa?" Papa yako alinitazama nikifyonza jicho la samaki wake, akameza mate, kisha akasogeza benchi karibu.

"Kula polepole," akaniambia. "Batu ba nyuma nabo baone."

Nilimpenda siku hiyo kuliko siku ya harusi.

Jumamosi ya onyesho ukumbi wa parokia ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Nilikula polepole. Nililamba kidole kimoja kimoja. Ukumbi ukaanza kunguruma, na mama mmoja wa safu ya mbele akasimama na kanga yake ikimdondoka: "Mwanamuke mubaya weye! Patia batoto!" Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile. Ulisema watu watanicheka. Hawakunicheka, walinichukia kwa roho zao zote, na hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Papa Léon alinikumbatia nyuma ya pazia. Yule msichana akaja kuniuliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia nyumbani kwangu.

Usidhani najutia miaka niliyowalea. Ninajivunia nyinyi watano, na wewe hasa, hata ukiwa mkali kama mwalimu wa shule ya Bengamisa. Lakini sasa najivunia na mimi mwenyewe, na sioni haya kuyaandika.

Mwezi ujao tunapanda boti kwenda Basoko kuonyesha mchezo huo, siku tisa. Papa yako atapika, Mungu awasaidie. Ukija likizo ukakuta sipo, usiulize majirani na usipige simu kwa wasiwasi. Ingia, uoge, upumzike. Mama yako yuko kazini.

Anayekupenda sana, na ambaye hajaomba ruhusa,

Mama yako