Kamera Iliyolala Vizuri

Jumatatu, 3 Machi

Kikao asubuhi. Bosi katangaza kwamba betri ya kamera yetu ya ulinzi inadumu mwezi mzima. Nikamwambia inadumu siku mbili. Akasema hayo ni maoni yangu, mabango yameshachapishwa. Kazi nimetupiwa mimi, kwa kuwa ndimi ninayeandika draiva — ile programu inayoiambia kamera lini iamke, lini ilale. Kwa sasa hailali kabisa. Inakodoa macho mchana kutwa kama jirani yangu wa ghorofa ya chini.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshinda ndani ya kerneli, kile kiini cha mfumo wa kamera, kichwa kinagonga. Sasa pasipokuwa na kitu kinachosogea, draiva inalikatia umeme jicho la kamera. Kulala, inalala kama mtoto aliyeshiba. Kuamka ndiyo shughuli. Draiva inaliita jicho kabla umeme haujalifikia. Jicho kimya. Draiva inakata tamaa, inaendelea kuonyesha picha ya mwisho. Halafu inaripoti kwamba mambo yote shwari. Ingefaa ipewe umeneja.

Alhamisi, 6 Machi

Bosi kaja mezani kwangu, kaona betri haijashuka. Akanikumbatia mbele za watu. Nikamweleza kwamba kamera imepofuka, ile ni picha ya jana. Akaisogelea skrini.

“Lakini si inaonekana vizuri?”

Mtu wa matangazo akadakia kwamba wateja hawapendi picha zinazotikisika.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata dawa. Draiva isubiri kidogo, umeme utulie, ndipo iliite jicho. Inaona! Ila betri inafika wiki tu. Bosi akasema nirudishe ile ya jana. Nikabisha. Akanipandisha cheo: Mkuu wa Usimamizi wa Nishati, pamoja na kiti kinachozunguka. Nikaacha kubisha. Jioni nikabonyeza mwenyewe, toleo pofu likaenda kwa wateja wote.

Kiti ni kizuri, sikatai.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi kapiga simu. Mguu unamsumbua, yuko kitandani nyumbani, na duka lake la ushonaji analilinda kwa kamera niliyomfungia mimi.

“Mwanangu, ubarikiwe. Tangu juzi nautazama mlango wangu, umefungwa vilevile. Nalala bila wasiwasi.”

Nimetoka mbio na kandambili.

Sasa nimekaa kwenye ngazi ya duka, naandika. Mlango uko wazi. Kufuli liko chini, limekatwa. Cherehani hakuna hata moja. Bado sijamwambia. Yuko kwenye simu, mbele yake ile kamera kwenye skrini, ananiuliza kama nimefika. Nikasema nimefika. Akasema nisogee, mbona hanioni. Nikasimama mbele ya jicho, nikapunga mkono.

Anacheka. Anasema mlango umefungwa na hakuna mtu, pengine nimekosea duka.