Matumbawe ya Daktari Oakden Yamejifunga

Kwa Bi. Verna Hocking,
Mshauri, Ukurasa wa Matangi ya Nyumbani, Townsville.

Mshauri mwema,

Ninakuandikia kwa sababu matumbawe laini niliyokabidhiwa kuyatunza yamejifunga na hayafunguki, nami nimefikia hatua ya kuogopa hata kuyatazama. Naomba msaada wako kabla sijafanya jambo lisilorekebishika.

Kwa heshima naomba nijitambulishe. Jina langu ni Tamsin Pedrini, mzaliwa wa Ingham, mhitimu wa shahada ya elimu ya viumbe vya bahari, daraja la kwanza, na tasnifu yangu, ambayo nitafurahi kukutumia nakala yake, ilichunguza namna samaki kasuku wanavyokwangua miamba, nayataja haya si kwa majivuno, ni ili uelewe kwa nini siwezi kumuuliza mtu yeyote kazini, maana niko katika kipindi cha majaribio chini ya Daktari Maree Oakden, na ni yeye aliyenikabidhi nyumba yake pamoja na tangi lake la kioo alipokwenda Hobart kumwona dada yake, akaniambia mlangoni, begi li mkononi, "Wewe ndiye msomi wa miamba, bwana. Nikikuachia wewe, nalala usingizi."

Sebuleni, ndani ya tangi hilo, kuna tumbawe kubwa lenye umbo la uyoga, pana kama sinia, ambalo Daktari alilianza na kipande kisichozidi kidole gumba enzi za uanafunzi wake, na kando yake kuna jiwe lililofunikwa na matumbawe madogo ya duara, ya kijani na ya machungwa, ambayo wafugaji huyaita vifungo kwa jinsi yanavyofanana na vifungo vya shati. Siku aliyoondoka, vyote vilikuwa wazi vikiyumbayumba kwa raha zake. Wiki haikuisha, uyoga ukavirudisha ndani vidole vyake vyote vya kunasia chakula, ukabaki upara, ngozi yake ikashika utando unaong'aa mithili ya nta, nami nikaingiwa na hofu, nikaongeza mwanga, kesho yake nikaupunguza, nikabadilisha maji, nikausogeza uyoga mbele ya pampu, nikaurudisha nyuma, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nikawa natia mkono tangini kuubonyeza nione kama bado ni mgumu au umeanza kuoza. Vipimo vya chumvi, joto na uchafu wa maji vinaniambia kila kitu kiko sawasawa, jambo linalonitisha zaidi, kwani ningepata kosa ningelisahihisha. Kisha vifungo navyo vikaanza kujifunga, safu kwa safu, hadi jiwe zima likaonekana kama limevaa gamba.

Daktari hunitumia ujumbe, "Wanangu hawajambo?" nami, Mungu anisamehe, nimemjibu, "Hawajambo kabisa, Daktari," nikaambatanisha picha niliyopiga siku ya kwanza.

Juzi niligundua majani membamba ya mwani katikati ya vifungo, nikaamini nimempata adui, nikalitoa jiwe, nikaliweka kwenye sinki la jikoni na kulisugua kwa nguvu zangu zote kwa mswaki wa zamani niliouona bafuni, matone yakinirukia usoni na mikononi. Kwa ukamilifu wa maelezo niongeze kwamba tangu hapo mdomo una ladha ya chuma, midomo imekufa ganzi na moyo hunienda mbio bila sababu. Naelewa kwamba haya ni matokeo ya wasiwasi, hivyo usijishughulishe nayo.

Babu yangu Ettore, ambaye ndiye pekee niliyemweleza, ana suluhisho lake. Kila mwaka ukoo wetu hukusanyika chini ya nyumba yake iliyoinuliwa juu ya nguzo, kupika mchuzi wa nyanya na kuchemsha chupa zake katika sufuria ambalo mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuogea ndani, na yeye anasema jiwe liingie humo.

"Mjukuu wangu, huo ni uchafu tu, na uchafu dawa yake moto."

"Babu, hayo ni matumbawe. Hiyo si chupa ya mchuzi."

"Si umeshayaua? Tunachochemsha ni maiti. Jiwe likitoka jeupe utalirudisha, huyo daktari wako ataona usafi."

"Na akiuliza vifungo viko wapi?"

"Mwambie vimehama!" Akacheka mpaka akakohoa. "Njoo Jumapili baada ya chakula. Binamu zako wadogo watapenda kuona jiwe likichemka."

Swali langu, Mshauri, ni hili: je, nilichemshe jiwe Jumapili niokoe walau sura ya tangi, kisha nimweleze Daktari kwamba vifungo vilikufa kifo cha kawaida, au kuna njia ya kuvifungua mimi nisiyoijua? Na uyoga je? Kila nikiupita najiona nimesimama mbele ya meza ya Daktari, naambiwa nirudishe funguo za maabara.

Wako kwa unyenyekevu,
Tamsin Pedrini.


Mshauri anajibu

Tamsin,

Barua yako haikusubiri zamu. Niliisoma Jumanne, na nilipofika pale uliponiambia nisijishughulishe, nikaacha kila kitu, nikapiga simu. Leo ninaichapa kwa ruhusa yako, kwa kuwa mawe kama hilo yako katika sebule nyingi mjini hapa na wenye nayo hawajui wanaishi na nini.

Wasomaji wasikie tulivyozungumza.

"Midomo bado ina ganzi?" nilikuuliza.

"Kidogo tu, Bi. Hocking. Ila kuhusu ule uyoga, nilitaka kufafanua kwamba..."

"Achana na uyoga. Unapumua vizuri?"

"Nikipanda ngazi nachoka. Nadhani ni msongo. Tena ningependa kufahamu kama..."

"Mwanangu, nyamaza unisikilize. Huo si wasiwasi. Umeingiwa na sumu."

Nilisikia pampu ya tangi ikinguruma nyuma yako, nikatambua kwamba umesimama palepale, nikakuamuru utoke nje bila kugusa chochote, na umwombe jirani akupeleke hospitali. Uliniuliza kama unaweza kwanza kuzima taa za tangi! Msichana mwenye shahada ya daraja la kwanza, kifua kinambana, anawaza taa.

Vifungo vile, si vyote lakini vingi, vina sumu ambayo ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zitokazo baharini, na kwa macho huwezi kutofautisha chenye sumu na kisicho nayo. Vikiachwa majini vitulie, havimdhuru mtu. Vikisuguliwa, matone yake huingia machoni, mdomoni na kwenye kila mchubuko. Vikichemshwa, sumu hupanda na mvuke. Watu wamewahi kuanguka nyumba nzima, na mbwa wao, kwa sababu ya jiwe moja ndani ya sufuria moja. Sasa mweke babu yako pale, ameinama juu ya moto, na wale watoto wamezunguka kutazama. Mimi nimeshamwona hapo tangu Jumanne, na picha hiyo hainitoki.

Madaktari walikulaza hadi kesho yake wakiusikiliza moyo wako, na nashukuru kwamba walikuruhusu. Babu yako, uliyefikia kwake, alikunyang'anya simu nilipopiga tena.

"Bibi wewe, unataka kuniambia ua la tangini litaniua mimi? Mimi nimekata miwa nyoka wakinipita miguuni!"

"Nyoka ulimwona, mzee. Huu mvuke hutauona."

"Na wajukuu?"

"Wajukuu ni wadogo. Wao wangetangulia."

"Basi sufuria linarudi stoo," akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena.

Sasa nije kwenye swali ulilouliza, maana najua hutalala bila jibu lake.

Uyoga wako haukuwa unakufa. Tumbawe la namna ile kila baada ya muda hujifunga, hujivika utando wa nta, hukaa upara siku kadhaa na pengine wiki kadhaa, kisha huuvua utando huo kama mtu anayevua koti, pamoja na mwani na uchafu ulioshika juu yake, na hufunguka likiwa safi zaidi. Lilikuwa linabadilisha ngozi, nawe ukaja kulimulika, kulizimia taa, kulihamisha na kulibonyeza kila siku. Mgonjwa gani angepona kwa muuguzi wa aina hiyo? Liache mahali pamoja, mwanga uleule, mkondo wa maji wa wastani upite juu yake ili utando ung'oke. Usiviulize vipimo swali ambalo vimekwisha kulijibu.

Vifungo ni kisa kingine, na hapa ndipo nilipokushika.

"Asubuhi ukiamka, unafanya nini kwanza?" nilikuuliza ukiwa kwa babu yako.

"Ninaoga, ninajipaka losheni ya jua usoni, shingoni na mikononi hadi mabegani, halafu dawa ya mbu, kwa sababu kituo chetu kiko karibu na mikoko."

"Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo ninatia mkono..."

Huku kwetu tunafundishwa tangu chekechea kwamba mtu hatoki nje bila losheni, na wewe ni mwanafunzi mzuri, ukaitii kanuni hiyo hata ndani ya nyumba, kisha kila asubuhi ukaisuuza mikononi mwako ndani ya tangi. Siwezi kuapa kwamba hicho ndicho chanzo pekee. Lakini vifungo vilianza kujifunga baada ya wewe kuanza kutia mkono, na hakuna kipimo ulichokuwa nacho kinachopima losheni. Tutaweka mkaa maalumu wa kuchujia maji, tutabadilisha maji kidogo kidogo, na mkono wa mtu hautaingia tena bila glavu ndefu.

Nikadhani tumemaliza. Nikauliza tu kwa utaratibu, "Ule mswaki uliutupa wapi?"

"Sikuutupa," ulisema taratibu. "Niliusuuza nikaurudisha kwenye kikombe bafuni, Daktari asije akaona umepungua."

Daktari Oakden anarudi Jumatano. Atafika amechoka, ataweka begi chini, ataingia bafuni.

Kwa hiyo, Tamsin, nakuomba uache kuogopa funguo za maabara, uogope kinachostahili kuogopwa. Usiingie katika nyumba ile, si kwa kulisha samaki wala kwa kutazama kama uyoga umefunguka. Tangi lina kifaa kinachoongeza maji chenyewe, na samaki hawatakufa kwa kukosa chakula hadi mwisho wa juma. Leo, ukishalisoma gazeti hili, mpigie Daktari Oakden. Usimwandikie ujumbe, mpigie. Anza na mswaki, halafu sinki, halafu jiwe, na picha ile uitaje mwisho lakini uitaje. Umwambie asikanyage ndani kabla sijampa neno. Anaweza kukufukuza, sina mamlaka ya kukuahidi vinginevyo, na ulivyomdanganya sitakutetea. Ila ukinyamaza ili uhifadhi kazi, na yeye akanyoosha mkono kwenye kikombe kile, hakuna cheo utakachopanda kitakachokusahaulisha. Nitampigia mwenyewe kesho mchana kuhakikisha kwamba amesikia kwako kwanza.

Ganzi ikirudi, au kifua kikibana, rudi hospitali saa ileile, uwatajie matumbawe kwa jina.

Nitakuja na barakoa, miwani ya kinga, glavu, dawa ya kufulia ya klorini kwa ajili ya sinki na bafu, na mifuko ya kufunga kila kilichogusa jiwe. Nitaingia mimi kwanza, nifungue madirisha. Wewe utabaki nje mpaka nikuite, hata nikichelewa kutoka.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, kwenye ngazi za mbele za nyumba ya Daktari Oakden.

Verna Hocking