Maziwa ya Babu Boay

Jumatatu, 9 Juni
Hili sijamwambia mtu. Leo baba akiwa kwenye mashine nilitamani yaishe tu. Yaishe vyovyote. Halafu nikaenda nje nikanunua chapati, nikala. Najichukia.

Tuko Arusha tangu Pasaka, tumepanga chumba karibu na hospitali. Wenzangu wa Form Three huko Endasak wanafanya mitihani, mimi nakaa kwenye benchi la hospitali. Baba anasafishwa damu Jumatatu na Alhamisi. Katikati hapo figo hazitoi kitu, kwa hiyo anywe kidogo sana. Maji yakizidi yanapanda kifuani. Nesi anasema zamani wagonjwa walikuwa wachache, siku hizi mashine hazipoi, na vijana wamo. Nilimwona mmoja, rika la kaka yangu. Sikumwangalia tena.

Jumanne, 10 Juni
Mama kapiga simu. Babu Boay, aliyemlea baba, anakuja kumwona. Nikasema mwambie asilete maziwa. "Mzee yule nitamwambiaje? Wewe ndiyo uko huko, utamwambia." Mimi! Ambaye hata darasani sinyooshi mkono.

Jumatano, 11 Juni
Kafika. Kibuyu cha maziwa ya mgando kakipakata toka Katesh. Kwetu mzee akikupa kibuyu kwa mikono yake, unakunywa. Hakirudi kimejaa.

"Umekauka kama bua la mahindi, mwanangu. Kunywa."

Baba akanywa. Akaniangalia, akanywa tena. Maneno nilikuwa nayo yote, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Mdomo ukagoma. Nikaenda kuosha sufuria safi.

Alhamisi, 12 Juni
Alfajiri baba alishindwa kupumua. Bajaji. Wakamweka kwenye mashine kabla ya wengine. Nesi kanifokea mbele ya watu: "Binti, si nilikuelekeza?" Kweli alinielekeza. Babu kasimama pembeni na kofia mkononi. Hajaelewa kilichotokea.

Ijumaa, 13 Juni
Babu katafuta maziwa mtaani, kajaza kibuyu upya. Eti mashine imemnyonya baba nguvu, lazima arudishiwe.

Nikasimama katikati yao. "Shikamoo Babu." Nilishamwamkia asubuhi. "Nisamehe. Akinywa hiki atakufa. Jana alikaribia."

"Shule ndiyo inafundisha kumzuia mzee?"

Kibuyu bado kiko hewani, mikononi mwa Babu. Nikakipokea kwa mikono miwili nikanywa mimi. Chote, mpaka machozi. Nikamrudishia kitupu.

Baba akacheka, akakohoa. "Babu, huyo kanywa kwa niaba yangu." Babu hakucheka. Akatoka nje.

Jumamosi, 14 Juni
Tumbo linauma. Nimechoka mwili mzima. Babu hajanisemesha. Lakini asubuhi alimimina mwenyewe chai ya baba, kidogo, akasita, akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akaweka birika chini.

Baba amelala chali, anapumua vizuri. Hapa ndani kumetulia. Viatu vya matairi vya Babu vinakuja mlangoni, ngoja nifiche daftari hi—