'The' ya Wakubwa

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Mwalimu Hezekia amemfukuza Raheli darasani, arudi na mzazi. Kidato cha nne, mtihani wa taifa mwezi ujao! Kosa lake: ameanza insha ya Kiingereza kwa 'A teacher came to our village.' Mzee Hezekia akaizungushia 'a' wino mwekundu, akamuuliza Raheli, tangu lini mwalimu akawa 'a', kama mbuzi? Darasa likacheka. Raheli akajibu kwamba Madam Rebeka ndiye aliyewafundisha hivyo. Hapo akaambiwa ana kiburi.

Ni kweli, nimewafundisha mimi. Mwalimu ambaye msomaji bado hajamsikia, ni 'a'. Ukimtaja tena, sasa tunamjua, ni 'the'. Hata angekuwa waziri.

Jumanne, 8 Oktoba

Hezekia ana kanuni yake. 'The' ni ya heshima: the President, the Headmaster, the Bible. 'A' ni ya watoto na vitu vidogo: a boy, a goat, a spoon. Darasa zima huitikia kwa sauti moja. Mimi pia niliitikia, kwenye madawati hayohayo, hadi chuoni waliponicheka. Lugha zetu hazina vineno hivi, kwa hiyo amevitafutia kazi tunayoijua: nani aamkie, nani aamkiwe. Siku nyingine ningesema kuna akili humo. Leo hapana.

Wakati wa chai nimesema mbele ya walimu wote: Mwalimu, mtoto yuko sahihi. Mzee akaendelea kumenya kiazi chake. Elisha wa Hesabu akaninong'oneza, 'Dada, umemfanya mzee "a" na chai hajamaliza.' Sikucheka.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mkuu wa shule kaniita. Eti kosa si nililosema, ni mahali niliposemea. Nimwombe mzee radhi, Raheli arudi. Na 'a' je? Hiyo tutaiangalia baada ya mtihani. Baada ya mtihani!

Mama naye ni yaleyale. Alianza kwa Kiswahili, hasira zilipopanda akahamia Kinyiramba. Huyo mzee ndiye aliyekuja hapa kumsihi baba yako usiolewe, usome. Kuomba radhi kutakupunguzia nini?

Kutanipunguzia. Nikiomba, watoto wote wataamini kwamba nilidanganya. Siombi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Raheli yuko darasani. Nilifurahi — kidogo tu. Baba yake, Zefania, kaja kwa baiskeli kutoka upande wa Kinampanda, jogoo kafungwa nyuma. Kampelekea Hezekia nyumbani, wameyamaliza. Tukakutana getini.

'Usiwe na wasiwasi, mwalimu. Tumeomba na kwa niaba yako. Wewe bado binti, ulimi huteleza.'

Kwa niaba yangu. Nimeombewa radhi kama mtoto aliyevunja mtungi wa jirani. Na mimi nikasema asante. Asante!

Baadaye nikapishana na Hezekia. Shikamoo. Marahaba, mwanangu, yameisha. Akanigusa bega. Mkono mwepesi, umezeeka. Nilitamani kuuma kitu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Raheli kaja nyumbani. Kasimama uani, hataki kukaa.

'Madam, kwenye mtihani niandike lipi?'

Nikamwambia aandike nililomfundisha. Wasahihishaji hawamjui Mwalimu Hezekia. Akatikisa kichwa kuitikia. Hilo alikuwa analijua. Hakuja kwa hilo.

'Na Jumatatu? Mwalimu kasema niisome insha mbele ya darasa, nikiwa nimeirekebisha. Baba anasema nisome atakavyo Mwalimu. Wewe unasemaje?'

Nikamwambia asubiri, naleta maji ya kunywa.

Maji yako hapa mezani. Ninaandika. Nikisema soma ulivyoandika, atafukuzwa tena, na safari hii hakuna jogoo atakayemrudisha. Nikisema soma atakavyo mzee, basi Zefania hakukosea: radhi aliyoiomba ilikuwa yangu, nami nimeikubali. Nimekasirika na wote. Na Hezekia, na Mkuu, na yule baba mpole na baiskeli yake. Na huyu mtoto pia, kwa kuniuliza.

Namsikia nje. Ameshakaa, anapukuchua mahindi na Mama. Mama anamsifu, binti ana adabu huyu. Sasa Raheli ananyanyua sauti kidogo, kwa upole, kuelekea dirishani kwangu:

'Madam, maji si lazima. Niambie tu.'