Kitabu Kwenye Mnada wa Mavuno

Jumapili ya mavuno

Ningepeleka kuku tu, kama kila mwaka. Lakini mkuu wa chuo chetu cha kanisa alitaka walimu tuliotoa vitabu karibuni tuvilete sadaka, na baada ya ibada vikanadiwa nje pamoja na alizeti na asali.

Cha mwenzangu, kuhusu Agano la Kale, alikinunua mchungaji. Changu, kuhusu maombi ya mvua huku kwetu Ikungi, kilizungushwa mpaka mnadishaji akaanza kutania. Ndipo shangazi akanyoosha mkono. Karibu yote yaliyomo alinieleza yeye.

Nyumbani akanipa kile kitabu. "Nisomee hapo nilipo mimi."

Kimeandikwa Kiingereza, nikawa namtafsiria. "Mama mmoja mzee wa Ikungi alisema..."

"Mama gani huyo?"

"Ni wewe, shangazi. Sisi watafiti huwa tunaficha majina ya watu, ili kuwalinda."

Alikichukua, akakifuta vumbi kwa pindo la kitenge. "Pale kanisani nimewaambia wote kwamba nimo. Kwani nilikuomba unifiche?"

Ukurasa wa shukrani umejaa majina ya maprofesa. Hao sikuwaficha.