Mgongo Hauna Spoki

Dresa wangu Anselimu,

Hii nimeandika mwenyewe. Kisomo cha watu wazima nimemaliza, na mtaa wote wa Majengo hakuna mzee wa kunishinda mwandiko. Wewe ulisema nitakufa nikiweka dole gumba. Haya, umetangulia wewe.

Viti vya watoto vya kufunga kwenye keria ya baiskeli bado natengeneza. Wengine wanaiga tu. Lakini leo nataka kukushukuru, maana ulipokuwa hai sikuwahi kukuambia neno hilo.

Siku ile ulitoka zahanati, ulikokuwa unafunga watu vidonda, na kiatu cha mtoto, kisigino kimekatwa na spoki. Ukasema, "Fundi, kiti chako kimejali makalio tu. Miguu umemwachia nani?" Nikajibu kosa ni la wazazi, hawajui kufunga. Ukasema, "Wanafunga kama wanavyobeba mgongoni. Kiunoni wanakaza kanga, miguu inaning'inia. Sasa mgongo hauna spoki, gurudumu linazo." Nikakufukuza. Mwezi mzima sikukusalimia.

Halafu nikampakia mjukuu wangu Tereza kwenda misa. Kiti changu, kanga kiunoni. Mguu ukaingia kwenye spoki.

Ukamshona wewe. Nilingoja unisute mbele ya watu. Ulisema tu, "Mshike mkono, nakaribia kumaliza." Anatembea, Dresa. Akichoka anachechemea kidogo, lakini kwa mbio anawaacha wenzake.

Bati la kukinga miguu nililiweka tangu wakati ule, na mkanda wa tyubu kwa kila mguu. Kuwaonyesha wazazi namna ya kufunga ilikuwa kazi yako, mimi sikuwa na subira. Tangu tukuzike nafanya mimi. Mzazi anafunga mbele yangu, anafungua, anafunga tena. Wananuna. Wanune.

Juzi baba mmoja aliyehamia Nsemulwa kutoka Kasansa alitaka ning'oe bati, linamzuia kupakia gunia la mpunga. Nikamwambia achague, mpunga au mtoto. Akasema, "Mzee una kiburi wewe." Ninacho. Akaondoka bila kiti, mtoto kakaa kwenye keria tupu, na mimi sikulala vizuri.

Jana akarudi na mkewe. Mama akafunga mguu mmoja, akafunga wa pili. Nikavuta mkanda kwa kidole, kama ulivyokuwa unavuta wewe. Haukulegea.

Pumzika, ndugu yangu. Naahidi hakuna kiti kitakachotoka kwangu kabla mzazi hajajua kukifunga, hata nikibaki na viti vyote ndani.

Asante. Na kosa lilikuwa langu, si la wazazi. Hilo nimeliandika kwa wino.

Fundi wako,
Kasimiri